Usiuze wembe wa babu kabla ya kuusoma

Mazungumzo yaliyotolewa Baraka mbele ya wanachama, siku ya mkutano wa mikopo. Tunayachapa karibu kama yalivyosemwa, kwa ombi la wale ambao hawakuweza kufika.

 

Wengi mnanijua kwa mambo ya visima. Leo komite imeniomba niseme juu ya nyembe, na nitawaeleza kwa nini. Mwezi uliopita wanachama watatu waliomba mkopo, na kila mmoja akaleta wembe wa zamani uwe rehani. Ni ile wembe ya kukunja, yenye mpini unaofunguka kama kisu cha mfukoni, ambayo wababa zetu walikuwa wananyolea ndevu. Mwenye hazina akazipanga mezani, akauliza: "Hii iko na bei gani?" Kijana mmoja akasema dola mia tano, juu aliona moja kwenye simu. Mzee mmoja akasema ni chuma cha kutupa. Wote wawili walisema bila kushika wembe mkononi.

Mimi siko fundi wa kuzaliwa. Niko na wembe mmoja wa babu yangu, na yote nitakayosema nilijifunza kwa huo mmoja. Sehemu kubwa nilijifunza kwa kukosea.

Mnakumbuka tulivyotoka 1996. Mimi nilikuwa na miaka saba. Nyanya yangu, sisi tuliokulia Lugufu tunasema bibi, alibeba sufuria, kitenge na kifurushi kimoja kidogo kizito. Katika mtumbwi wa kwenda Kigoma kifurushi kile kilifunguka, watu wakaona ndani yake wembe na jiwe. Jiwe! Watu walicheka, hata katika ile hofu. "Huyu mama anakimbia vita na jiwe, kama vile Tanzania hakuna mawe." Yeye akafunga kifurushi chake, akanyamaza.

Kule kambini jiwe lile lilikuwa la wote. Kila mama wa mtaa wetu alikuja kunolea kisu cha samaki juu yake, mpaka likachimbika katikati kama kitanda kilicholegea. Wembe wenyewe hakuna aliyeugusa. Nyanya aliupaka vazelini kila baada ya muda, akaufunga kwenye kitambaa cha pamba. Tuliporudi 2007, kwa meli ya wale waliokuwa wanarudishwa, kifurushi kilirudi vilevile, na jiwe lake.

Hadithi ya familia ilikuwa fupi: babu alifanya kazi ya reli kule Albertville, yaani Kalemie ya leo, na Mbelgiji mmoja aliyekuwa mkubwa wake alimwachia ule wembe wakati wa kurudi kwao. Kwa hiyo sisi sote tulisema "wembe wa Kibelgiji". Nyanya akanipa mimi, juu nilikuwa naenda masomo ya juu na nilikuwa nimeanza kuota ndevu.

Sasa sikilizeni kosa langu. Nilitaka uwe unang'aa. Nikachukua karatasi ya msasa ile kali ya seremala, nikasugua mahali pote, na zaidi pale shingoni penye weusi mwingi. Nilisugua mpaka chuma kikawa cheupe. Nikamwonyesha nyanya kwa furaha. Macho yake yalikuwa yamepungua, kwa hiyo alipitisha kidole. Akapitisha tena. Akasema: "Hapa kulikuwa maandishi. Umefuta jina la ule mtu."

Kweli. Nilipoangalia vizuri na kioo cha kukuzia, nilikuta zimebaki herufi nne tu: NGEN. Jina la aliyeutengeneza lilikwenda na vumbi la msasa, na hakuna dawa ya kulirudisha. Ndiyo sababu neno langu la kwanza leo, na kama mtasahau mengine yote mshike hili moja, ni hili: soma kwanza, safisha baadaye.

KUSOMA WEMBE

Wembe una sehemu zake, na tukubaliane majina. Makali ni upande unaokata. Mgongo ni upande mnene wa juu. Shingo ni ile sehemu isiyokata, kati ya ubapa na pini inayoshika mpini. Mkia ni kipande kilichopinda kinachobaki nje, cha kuwekea kidole. Mpini ni yale maganda mawili ambamo ubapa unalala ukifungwa.

Maandishi yako mara nyingi shingoni, pande zote mbili. Usiyatafute kwa msasa. Weka tone la mafuta ya cherehani, ngoja usiku mmoja, pangusa kwa kitambaa, kisha shika wembe kando ya dirisha ili mwanga upite kwa ubavu. Herufi zitainuka zenyewe. Kama bado hazisomeki, weka karatasi nyembamba juu na kusugua na penseli taratibu, kama watoto wanavyochora sarafu. Piga picha. Baada ya hapo tu ndipo mkono wa kusafisha uguse.

Utakuta nini? Nyembe nyingi za zamani zilitoka katika miji michache. Ukisoma SOLINGEN, wembe ulitengenezwa Ujerumani. Ukisoma SHEFFIELD, ni Uingereza. THIERS ni Ufaransa, na ESKILSTUNA ni Sweden. Miji hii ilikuwa ya wahunzi wa visu kwa mamia ya miaka. Mara nyingi pembeni ya jina la mji kuna alama ya nyumba ya biashara. Watu wawili waliosimama pamoja kama mapacha ni alama ya J. A. Henckels wa Solingen, iliyoandikishwa tangu 1731. Nyota pamoja na msalaba wenye mikono minne sawa ni alama ya Joseph Rodgers wa Sheffield.

Sasa miaka. Uingereza ilitoa sheria 1887 kwamba bidhaa za kigeni zenye alama ya kudanganya mnunuzi zisipite bila kuonyesha nchi zilikotoka. Marekani ilifuata na sheria yake 1890. Kwa hiyo wembe wenye jina la nchi, kwa mfano GERMANY au ENGLAND, kwa kawaida ni wa baada ya miaka hiyo. Wembe usio na jina la nchi unaweza kuwa wa zamani zaidi, lakini usiapishe kwa hilo peke yake, juu nyingine ziliuzwa ndani ya nchi yao bila kuandikwa. Na jina Solingen lenyewe lililindwa na sheria ya Ujerumani 1938, ili asiyetengeneza kule asiliandike.

Angalia pia umbo. Tazama wembe kwa ncha, kama unachungulia ndani ya bomba. Ukiwa kama kabari, mnene juu na kushuka moja kwa moja mpaka makali, huo ni mtindo wa zamani. Ukiwa umechimbwa pande zote mbili, kiuno chembamba kama jani, huo ni mtindo ulioenea kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19. Wetu wengi hapa ni wa namna hii ya pili.

Nilipofikia hapo na wembe wa babu, nikasimama. NGEN ni mwisho wa neno Solingen. Basi wembe wetu "wa Kibelgiji" ni Mjerumani! Nilifikiri familia nzima ilikuwa imedanganywa. Ndipo nikaangalia jiwe.

Jiwe la nyanya ni la rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, njano hafifu, na chini yake kuna tabaka la jiwe la buluu ya kijivu. Tulifikiri ni jiwe moja la ajabu. Kumbe lina jina: koticule. Linachimbwa katika milima ya Ardennes, Ubelgiji, upande wa Vielsalm. Lile la njano liko na chembechembe za madini magumu, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na ndizo zinazonoa chuma bila kukichana. Tabaka lake ni jembamba na linavunjika, ndiyo maana mara nyingi wanaligandisha juu ya jiwe jingine ili lipate nguvu. Vinyozi wa Ulaya walilitumia kwa vizazi vingi.

Kwa hiyo hadithi ya familia haikuwa uongo. Ilikuwa imeshikilia kitu kisicho chake. Kilichotoka Ubelgiji ni lile jiwe waliolicheka watu wa mtumbwi. Nyanya alijua kitu kimoja ambacho sisi wenye shahada hatukujua: wembe bila jiwe lake ni chuma tu.

WEMBE MZIMA NA WEMBE ULIOKUFA

Kabla ya kupoteza siku zako, jua kama mgonjwa anaweza kupona. Kutu nyekundu ya juu siyo kifo. Weusi wa uzee siyo kifo pia, na mimi leo nauacha, juu unalinda chuma. Kifo ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni ufa. Ufa ukianzia kwenye makali na kupanda kuelekea mgongo, wembe huo usikaribie uso wa mtu. Pangusa mafuta, kisha angalia kwenye jua kama kuna mstari mwembamba unaobaki na unyevu.

Cha pili ni mashimo ya kutu kwenye makali yenyewe. Shimo likiwa katikati ya ubapa, wembe unaishi nalo. Likiwa kwenye makali, kila ukinoa unafungua shimo jingine, na makali yanakuwa meno ya msumeno.

Cha tatu ndicho kinachoniumiza, juu tunajifanyia wenyewe. Ni mashine ya kunolea mapanga sokoni. Wembe wa kwanza kati ya ile mitatu ya rehani ulikuwa umepelekwa pale. Mwenyewe alilipa pesa yake ili uwe mkali kabla ya kutuletea. Mashine inakwenda mbio, chuma chembamba kinapata moto kwa sekunde chache, na ukiona rangi ya kahawia au buluu karibu na makali, ujue ugumu wa chuma umetoka. Kitanolewa, kitakata siku moja, kesho yake kimelala. Yule kijana aliniuliza: "Hatuwezi kurudisha?" Nikamwambia hapana. Alikaa kimya muda mrefu. Ulikuwa wa mjomba wake, na mjomba alibaki kule ng'ambo, kaburini.

Tafadhali, tusipeleke wembe kwenye mashine. Jembe na panga sawa. Wembe hapana.

MPINI UNAONGEA PIA

Mpini unaweza kuwa pembe ya ng'ombe au ya nyati, mfupa, mbao, ebonaiti, seluloidi, na mara nyingine pembe ya ndovu.

Seluloidi ni plastiki ya zamani. Inaigiza kila kitu: gamba la kobe, pembe, ndovu. Ukiisugua ndani ya maji ya moto kidogo inatoa harufu ya kafuri. Msijaribu kwa sindano ya moto kama watu wengine wanavyofanya, juu inashika moto haraka sana. Iko na ubaya mwingine: ikizeeka vibaya inatoa hewa yenye asidi, na ubapa unaolala ndani yake unakula kutu pale pale unapogusana. Ukiona wembe umeoza mahali pa kulalia peke yake huku shingo ni nzima, shuku mpini. Usiufunge tena. Weka ubapa wazi, mbali na mpini, na mbali na jiko.

Wembe wa pili wa rehani ulikuwa na mpini mweupe, na hapo ndipo dola mia tano zilipotoka. Mfupa una vidoa na mistari midogo myeusi, ni matundu ya damu ya mnyama. Seluloidi inayoigiza ndovu ina mistari iliyonyooka sambamba, kama imepigwa na rula. Pembe ya ndovu ya kweli, kwenye sehemu iliyokatwa kwa upana, ina mistari myembamba inayopishana kama wavu. Ule wa pili ulikuwa na mistari ya rula. Ni seluloidi. Lakini hata kama ungekuwa ndovu, jibu letu lingekuwa lilelile: biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi imefungwa tangu 1990, na chama hakiwezi kushika rehani ambayo kuiuza ni kosa. Kurithi ni jambo moja, kuuza ni jingine.

Wembe wa tatu ulikuwa wa mama mmoja mjane. Mpini mweusi wa pembe, shingoni Sheffield, makali mazima. Nitaurudia mwishoni.

KUSAFISHA

Mukiwa mmeshasoma na kupiga picha, hii ndiyo njia.

Lowesha kwa mafuta ya cherehani, siku mbili au tatu. Msitumie mawese. Najua yako kila nyumba, lakini yanaganda na kushika vumbi na unyevu. Pangusa kutu iliyolegea kwa kitambaa kigumu. Kinachobaki, chukua msasa wa maji, ule mweusi, laini kabisa: anza na 1000, ukishindwa ndipo ushuke 600, kisha upande tena mpaka 2000. Laza ubapa juu ya ubao ulionyooka, usiushike hewani. Kidole kitoke mgongoni kwenda nje kupita makali, kamwe kisije kikielekea makali. Wembe usiokata ndevu bado unakata kidole. Shingoni, penye maandishi, usiweke msasa. Kitambaa na mafuta basi.

Acha mashimo madogo na madoa ya uzee. Ukiyafukuza yote unapunguza chuma, na wembe mwembamba uliochimbwa hauna chuma cha kupoteza.

Safisha pia ndani ya mpini na kwenye pini kwa kijiti cha meno. Kutu ya pini ndiyo inayoambukiza wembe mzima tena. Pini ikilegea, gonga kidogo kwa nyundo ndogo juu ya chuma kigumu. Gonga mara tatu, angalia. Gonga mara tatu tena. Ukitaka kumaliza kwa pigo moja, mpini unapasuka.

KUNOA

Hapa wengi wanashindwa juu wanatafuta pembe ya kunolea, wanainua mgongo kama wananoa kisu. Wembe hauhitaji hilo. Aliyeutengeneza alishapima. Laza wembe mzima juu ya jiwe, mgongo na makali vyote vikiguse kwa pamoja. Unene wa mgongo ndio unaotoa kipimo. Kwa sababu hiyo jiwe lazima liwe sawasawa. Jiwe la nyanya, lililochimbwa na visu vya samaki vya Lugufu, nililisawazisha juu ya kioo cha dirisha: msasa wa maji chini, maji mengi, kusugua. Ilinichukua Jumamosi mbili.

Sukuma wembe, makali yakitangulia, bila kukandamiza. Uzito wa mkono tu. Ukifika mwisho, geuza juu ya mgongo, usigeuze juu ya makali. Rudi upande wa pili. Hesabu ziwe sawa pande zote.

Wembe uliokufa kabisa makali unaanzia jiwe la namba 1000, mpaka unyoe malaika ya mkono kutoka shingo hadi ncha. Usiondoke hapo mapema. Asilimia kubwa ya watu wanaolalamika kwamba wembe hauchukui, walikimbia hatua hii. Baadaye jiwe la 4000 au 5000, halafu 8000. Ukiwa na koticule, unaanza kwa kusugua juu yake kipande kidogo cha jiwe lilelile na maji mpaka yatoke maziwa. Maziwa yale yanakata haraka. Kisha unaongeza tone la maji kila baada ya mizunguko kadhaa, maziwa yanakuwa mepesi, yanakuwa maji matupu, na hapo makali yanakuwa laini. Jiwe moja linafanya kazi ya mawe matatu. Linataka subira tu.

Mwisho ni ngozi. Mkanda wa ng'ombe, laini, usio na maua wala misumari. Vuta wembe mgongo ukitangulia sasa, siyo makali, la sivyo utakata mkanda. Mara hamsini. Kila asubuhi kabla ya kunyoa fanya hivyo tena, na jiwe litapumzika miezi.

Siku niliyomaliza, wa kwanza kunyolewa alikuwa baba yangu mdogo. Maji ya moto, sabuni, ngozi ikivutwa kwa kidole, wembe ukilala karibu na shavu. Ulitoa sauti ndogo kama mtu anayepangusa meza kwa kitambaa. Nyanya alikuwa kwenye mlango, haoni vizuri. Alisema tu: "Ni ile sauti."

DAMU

Sasa neno gumu, na nalisema kama mtu wa shirika.

Yule kijana wa wembe wa kwanza alitaka mkopo ili afungue kinyozi na anyolee watu kwa wembe wa mjomba. Nia yake ni nzuri. Lakini wembe wa kurithi ni wa uso mmoja. Virusi vya ini, homa ya ini ya B, vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba na zaidi, hata pale ambapo damu haionekani kwa macho. Kuna homa ya ini ya C, kuna virusi vya ukimwi. Mikwaruzo ya wembe ni mlango.

Mtu atasema: "Tutauchemsha." Mpini wa pembe ukichemshwa unapinda, na seluloidi inaharibika. "Tutauweka kwenye dawa ya klorini." Klorini inakula chuma kile, na makali yanakwenda ya kwanza. Kupangusa na pombe ni vizuri kwa mwenyewe, lakini siyo ruhusa ya kupita kutoka shingo ya mtu hadi shingo ya mwingine. Kwa kazi ya watu wengi kuna wembe wa kushikilia nusu wembe, ule wa kubadilisha: mteja mmoja, nusu mpya, ya zamani inatupwa kwenye chupa ngumu yenye kifuniko. Ndiyo maana nimeiomba komite impe yule kijana mkopo, lakini kwa vifaa vya namna hiyo. Wembe wa mjomba, hata kama ulikufa, autundike ukutani mwa saloni yake. Wateja watauliza, naye atawaeleza.

REHANI

Namalizia na wembe wa mama mjane, na swali la mwenye hazina: bei gani?

Ukweli wenyewe ni kwamba Solingen na Sheffield walitoa nyembe nyingi mno. Wembe wa kawaida, hata ukiwa mzima, siyo mali ya kujengea nyumba. Kuko nyembe chache za bei kubwa kwa wale wanaokusanya vitu vya zamani, lakini wanunuzi wale wako mbali, na mfanyabiashara anayepita hapa na begi lake hatawalipa bei ile. Yule mama alikuwa ameshaahidiwa franka elfu tano na mtu wa namna hiyo. Angeuza, juu alifikiri ni chuma cha kutupa.

Nilimuuliza ulikuwa wa nani. Akasema wa mume wake, na kabla yake wa baba mkwe. Akasema katika kurudi aliacha vyombo vyote kule kambini, akachukua ule juu ulikuwa mwepesi, na juu mtoto wake wa kiume alikuwa bado tumboni wakati baba yake anakufa. Mtoto sasa ana miaka kumi na nne.

Basi maoni yangu kwa komite ni haya. Tusipokee vitu hivi kuwa rehani. Bei yake sokoni haitoshi kulinda mkopo, na bei yake nyumbani hakuna mkopo unaoweza kuirudisha. Siku mwanachama akishindwa kulipa, chama kitakuwa kimeshika kitu kisichokifaa, naye atakuwa amepoteza kitu alichokivusha ziwa mara mbili. Tuna njia yetu ya watu watano kushikana dhamana. Inatosha. Sisi ni chama cha watu waliowahi kuchagua, kwa dakika kumi, ni kitu gani kimoja cha kubeba. Tusiwe sisi wa kuwaambia wakiweke mezani.

Mkopo wa mama umepita kwa dhamana ya kikundi chake. Wembe amerudi nao. Nimemwahidi kijana wake kwamba ndevu zikianza, nitamfundisha.

Na jiwe la nyanya? Yeye alituacha miaka minne iliyopita. Wembe uko kwangu, kwa uso wangu peke yangu. Jiwe nimelileta leo, liko pale juu ya meza ya katibu. Litakaa biro ya chama. Kila Jumamosi baada ya saa nane, mwenye wembe wa mzee wake aje nao bila kuusugua, tuusome kwanza, tuandike katika daftari: maandishi, mpini, ulikuwa wa nani, ulivuka wapi. Visu vya samaki hapana, wamama, mnisamehe. Nimeshalisawazisha mara moja na mgongo wangu bado unakumbuka.

Kwa marafiki wa chama mnaouliza mtusaidie na nini katika jambo hili: msitutumie nyembe. Tutafurahi kwa mawe mawili ya kunolea, la 1000 na la 4000, kioo kimoja cha kukuzia, na mkanda mmoja wa ngozi. Nyembe tayari tuko nazo.